Mwavuli wa Akiba wa Mama Mkwe

Sehemu ya Tano

Mnaonifuata tangu mwanzo mnivumilie kidogo, niwaweke sawa na waliojiunga leo. Aibu yenyewe iko mbele, haikimbii.

Mimi ni mkunjaji. Nakunja miavuli ya watu wanaojirusha kutoka kwenye ndege kwa hiari yao, wakiwa na akili timamu, siku ya mapumziko. Zamani nilikuwa fundi cherehani. Nikaoa, na mama wa mke wangu akanitoa kwenye suruali akanileta kwenye klabu yake ya warukaji. Mwenyewe sijawahi kuruka hata mara moja. Mruko pekee ninaouweza ni kuruka kimanga, na huo nina ubingwa nao.

Mama mkwe ana miaka sitini na minne. Ni mfupi, mkavu, anatembea kama anayekagua gwaride. Ameruka mara mia tisa tisini na tisa. Mruko wa elfu ni Jumamosi hii, na watu wameshaalikwa. Jumatatu anafanyiwa operesheni ya macho, na daktari amemwambia wazi kwamba baada ya hapo kuruka basi. Kuhusu Jumamosi daktari hakuulizwa. Mama mkwe hana tabia ya kuuliza maswali ambayo majibu yake hayatampendeza.

Anaruka na mkoba wake mwenyewe, ulioshonwa kwa kipimo chake na kiwanda kilichofungwa siku nyingi. Mikoba ya klabu ni ya watu wenye vifua. Akiivaa yeye, mikanda inampwaya, na angani si mahali pa kupwaya.

Ndani ya mkoba kuna miavuli miwili, mkubwa na wa akiba. Mkubwa ukigoma, unavuta wa akiba. Huo wa akiba unatolewa nje na kimwavuli kidogo chenye springi kali: ukivuta, springi inafyatuka, kimwavuli kinashika upepo, na wewe unarudi nyumbani kula. Bila springi hakuna akiba. Bila akiba hakuna mtu anayepanda ndege.

Wiki mbili zilizopita nilifungua ule wa akiba niukague. Springi ikanichoropoka, ikaruka dirishani, ikatua barabarani, na lori la mchanga likapita juu yake. Nilipoiokota ilikuwa bapa.

Ningesema ukweli siku ile ile, msingekuwa na cha kusoma. Lakini mama mkwe aliponiuliza, nikajibu, "Iko kwenye vipimo, mama." Tangu hapo vipimo havijaisha.

Msomaji mmoja ameniandikia: "Ndugu, kwa nini usimwambie tu?"

Ndugu msomaji, wewe una mama mkwe?

Basi. Niliwaacha nikiwa mlangoni pa kituo cha redio. Nilikuwa nimeshapiga simu kwa kila duka, kila klabu na kila mstaafu wa kuruka ninayemjua. Jibu lilikuwa moja: aina ile haitengenezwi tena, na waliokuwa nayo walishatupa. Na mkaguzi wa klabu, mtu asiyecheka hata ukimtekenya, alikuwa ameniwekea masharti mawili.

"Iwe na alama ya kiwanda kile kile," alisema. "Na iletwe kwenye mizani yangu niipime nguvu. Vinginevyo mkoba huo utabaki ukutani."

Kwa hiyo nikaandika tangazo. Likasomwa Jumatano asubuhi, baada ya taarifa ya habari: "Inatafutwa springi ya mwavuli wa akiba, aina ya zamani isiyotengenezwa tena. Mwenye nayo apige simu haraka. Inahitajika kabla ya Jumamosi."

Mtangazaji alicheka kabla hajamaliza. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kazini kwetu hatusemi parachuti. Tunasema mwavuli. Miaka minane nimesema mwavuli, nimekunja mwavuli, nimeota mwavuli, mpaka nikasahau kwamba watu wengine wote wana mwavuli wa aina moja tu, na ni wa mvua.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee.

"Wewe ndiye mwenye mwavuli wa akiba?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Ule wa kwanza umefanyaje?"

"Upo. Mzima kabisa."

"Sasa huu wa akiba wa nini? Kichwa kimoja, miavuli miwili?"

Nikamwambia ukiwa mmoja umegoma kufunguka, unafungua wa pili. Akasema hayo ni maisha ya kifahari, akakata.

Ya pili ilikuwa ya mama mmoja mwenye huruma. "Baba, springi sina. Ila nina mwavuli mzima, wa maua, tangu uliporipotiwa ukame sijaufungua. Njoo uchukue, usihangaike peke yako."

Nilitamani nilie.

Ya tatu, kijana wa sauti nzito. "Kwa nini kabla ya Jumamosi? Jumamosi itanyesha?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Nimeangalia utabiri, maana siku hiyo anga inabidi liwe safi."

"Basi nianike mahindi?"

"Anika."

Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimeshawaruhusu watu wanne kuanika mahindi na mmoja kufunga ndoa nje bila turubai. Springi hakuna.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye meza ya kukunjia, ananisikiliza, mikono kifuani.

"Leo Jumatano," akasema. "Mwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umeipoteza."

"Sijaipoteza. Najua ilipo. Iko kwenye droo, imelala bapa."

"Mwambie hivyo basi."

"Nitamwambia kesho."

"Jana pia ulisema kesho."

Nilikuwa natafuta jibu la maana mlango ukafunguka. Mama mkwe mwenyewe. Nikasimama haraka, goti likagonga meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Vipimo vinaendeleaje?"

"Vizuri sana, mama."

"Springi ina afya?"

"Ina afya. Kwa sasa imepumzika."

Mke wangu akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Mama mkwe akazunguka chumba pole pole, anapapasa miavuli iliyotundikwa, mmoja mmoja, kwa ncha za vidole. Nikadhani anakagua vumbi. Halafu akasema, bila kunitazama, "Nimesikia redioni kuna mtu anatafuta springi ya mwavuli wa akiba."

Nikajifanya napanga kamba.

"Nani tena huyo?" nikasema.

"Sijui. Ila namhurumia. Aina ya zamani haipatikani."

"Haipatikani kabisa, mama. Anapoteza muda."

"Ndivyo na mimi nilivyosema." Akasimama mlangoni. "Na wewe ule, mkwe wangu. Umekonda."

Akatoka. Jasho jembamba lilikuwa limeshuka mpaka kwenye soksi. Mke wangu alinitazama kama mtu anayetazama nguo aliyoinunua bila kuijaribu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa nimeandika hata maneno ya kusema, kwenye karatasi, nikianza na "Mama, mimi ni mwanao," simu ikalia.

"Wewe ndiye wa springi ya mwavuli wa akiba?"

"Jumamosi hainyeshi," nikajibu. "Anika tu."

"Nianike nini? Mimi ni fundi miavuli. Nakuuliza springi. Ndefu kama mkono wangu, nyembamba juu, pana chini, ukiibana ukazubaa inakutoa jicho. Ndiyo hiyo?"

Nikakaa chini. Kiti hakikuwepo, nilikaa sakafuni.

"Umeijuaje?"

"Nilikuwa nazo kumi na mbili," akasema. "Njoo nikuonyeshe."

Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la nguo, chumba kimoja chenye dirisha moja, na dari usingeiona kwa wingi wa miavuli iliyoning'inia. Watu wanamwita Manyunyu. Mnene, mcheshi, anaongea na vijiti vya mwavuli mdomoni kama mimi ninavyoongea na pini.

"Kaa," akasema. "Usikae pale, pana sindano. Sikiliza kisa changu ujue kwamba duniani hauko peke yako."

Nikakaa.

"Miaka mitano iliyopita kulikuwa na mnada. Stoo ya zamani inasafishwa. Mnadi akasoma orodha: mitungi, viti vibovu, ngazi. Halafu akasoma, miavuli kumi na miwili, imetumika, hali nzuri. Sasa niambie. Fundi miavuli asinyooshe mkono, anyooshe nani?"

"Ukanyoosha."

"Yote miwili. Wakaniletea mikoba kumi na miwili, mizito ajabu. Nikamwambia mke wangu, hii miavuli lazima ni ya wafalme. Nikafungua wa kwanza, nikavuta kishikio. Ndugu yangu, kitu kilinifyatukia kifuani nikaenda chali. Mke wangu akasema mwavuli huo hautaki kuuzwa."

Nilianza kucheka. Nilijitahidi kujizuia kwa heshima, ikashindikana.

"Cheka tu," akasema. "Nikavuta kitambaa kikatoka. Nikavuta kikatoka. Nikavuta mpaka kikafika kwa jirani. Nikajiuliza, mvua gani hii waliyokuwa wanaitegemea?"

Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anaingia akageuka akaondoka. Tangu jana nilikuwa nadhani kosa kama langu haliwezi kumpata mtu mwingine, kumbe kuna mwenzangu aliyelifanya kwa kinyume. Yeye alitaka ya mvua akapewa ya angani. Mimi nilitaka ya angani nikapigiwa simu za mvua.

"Kitambaa ulikifanyaje?" nikauliza, ingawa nilishakiona. Nusu ya miavuli iliyokuwa juu yetu ilikuwa ya nailoni ile ile ninayoikunja kila siku, mistari ya chungwa na nyeupe. Moyo wa mkunjaji uliniuma kidogo.

"Nimekata. Sijanunua kitambaa mpaka leo. Hakivuji, hakichaniki, kinakauka ukikikung'uta mara moja."

Akaingia chini ya meza akatoka na kipande cha mkoba alichokuwa anafutia mikono. Nikakigeuza. Kilikuwa na lebo. Kiwanda kile kile. Hata mwaka ulikuwa unakaribiana.

"Na springi?"

"Nane zilikuwa zimeshika kutu, nikampa mtu wa chuma chakavu. Nne zilikuwa nzima, zinang'aa."

"Hizo nne nipe moja. Moja tu."

"Nilitengenezea kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti cha kukalia. Springi nzuri vile niziache? Nilitengeneza kiti kimoja, kipana, mgongo mrefu. Nilikiweka hapo nje kwa maonyesho. Wakikaa watu wazito, sawa. Wakikaa wepesi, kinawanyanyua."

"Kiko wapi?"

"Kilipata mwenyewe. Mama mmoja alileta mwavuli wake, akakaa kusubiri. Mfupi hivi. Kiti kikamnyanyua. Akakaa tena, kikamnyanyua tena. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema hiki hakilali hapa leo. Nikamwambia mama subiri nikutafutie mkokoteni, akasema mkokoteni wa nini, akakiweka kichwani akaondoka nacho, na anatembea kama..."

"Kama anakagua gwaride," nikasema.

"Unamjua?"

"Kitambaa ni cha kijani?"

"Kijani. Vifungo vinne, kimoja kwa kila springi."

Nilikuwa nakijua kiti kile kwa miaka mitatu. Kiko kwenye kona ya sebule ya mama mkwe, kimekaa upande kuelekea dirishani. Hakuna mtu mwingine anayekikalia. Mimi nimepiga simu mpaka nchi ambazo nikiamka wao wanalala, kumbe kila siku nilikuwa nasalimia springi nne zikiwa chini ya mama mkwe wangu.

Kuna mambo mkwe hafanyi. Haingii chumbani kwa mama mkwe. Hamtanii. Hali kabla yake. Na kuna moja ambalo hakuna aliyewahi kulitaja, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria: mkwe hafumui kiti cha mama mkwe.

Manyunyu alinipa springi ya godoro ya kuziba pengo, uzi mnene na sindano ndefu iliyopinda.

"Springi zote nimezifunga kwa kamba ya katani," akasema. "Ukikata kamba, iwe umeishika kwa mikono miwili. Isikuponyoke."

"Unamwambia nani," nikasema.

Mke wangu nilimweleza yote Alhamisi jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni, akafunga mlango, na nikasikia anacheka peke yake kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshajipanga.

"Kesho alasiri mama anakwenda uwanjani kuongea na rubani. Atakaa saa nzima. Una nusu saa. Ukikamatwa, mimi sikujui."

"Tumeoana."

"Nitasema nilidanganywa."

Ijumaa, saa tisa, tuliingia. Nyumba ilikuwa kimya. Ukutani picha zake za kuruka, miaka thelathini ya mdomo wazi na mashavu yaliyopepea. Juu ya kabati kulikuwa na keki ya kesho, imeshaandikwa elfu moja kwa sukari ya rangi.

Nikakivuta kiti kutoka kwenye kona, nikakilaza ubavu, nikafumua kitambaa cha chini. Mkono wa cherehani haujasahau. Mshono ulifunguka wote bila kuchana hata uzi. Ndani, springi nne, zimebanwa, zimefungwa kwa katani.

Nikamulika ile ya nyuma kushoto. Kwenye duara la juu palikuwa na alama ya kiwanda, safi, kama imegongwa jana.

Nilibaki nimepiga magoti. Sitawaficha, machozi yalinitoka. Wiki mbili za uongo, na jibu hili hapa. Mama mkwe ataruka. Mara ya elfu ataruka na mkoba wake, na mimi nitakuwa chini uwanjani kumpokea, na nitamwambia kila kitu baadaye, akiwa amefurahi, akiwa na keki mdomoni.

"Harakisha," mke wangu akanong'ona kutoka dirishani.

Nikaibana ile ya kweli kwa mikono miwili, nikamwambia mke wangu akate kamba. Akakata, akaweka springi ya godoro mahali pake. Nguvu ilikuwepo yote. Ilikuwa inanisukuma viganja kama mtu mzima anayetaka kutoka chumbani.

"Sasa nipe kamba nyingine niifunge," nikasema.

Hakunipa. Alikuwa anatazama nje, rangi imemtoka.

"Mama anarudi."

"Umesema saa nzima."

"Mwambie yeye."

Hapakuwa na muda wa kufunga, hapakuwa na muda wa kushona. Mke wangu alikisimamisha kiti na kukisukuma kwenye kona na mimi nyuma yake. Bahati kile kiti hukaa upande, kwa hiyo kati ya mgongo wake na kona pana nafasi ya pembe tatu, ya kumtosha mtu aliyekunjwa. Kukunja ndiyo kazi yangu. Nikajikunja, magoti kidevuni, springi imebanwa kifuani kati ya viganja viwili.

Mlango ukafunguka.

"Shikamoo mama. Mbona mapema?"

"Marahaba mwanangu. Nimechoka tu."

Nikasikia hatua zake. Halafu kiti kikapokea uzito wake, kikainama upande wa kushoto, kwenye springi ya godoro.

"Kiti hiki leo kina nini?" akasema. "Kimelala upande."

"Kimezeeka, mama."

"Basi tuko wawili."

Mikono ilianza kutetemeka. Nilijikaza kisabuni, nikawaza mambo mazuri.

"Umeongea na rubani?" mke wangu akauliza.

"Sijaongea naye." Akavuta pumzi. "Kaa hapa karibu. Nataka kukuambia kitu, na sitaki kukisema mara mbili."

Nikasikia kigoda kikivutwa.

"Nilipofika uwanjani ndege ilikuwa inapita juu. Watu wote wakaangalia, na mimi nikaangalia. Niliisikia vizuri sana. Sikuiona."

"Mama."

"Niache nimalize. Mruko uliopita, ule wa mia tisa tisini na tisa, mlinipigia makofi. Mlisema nimetua kama unyoya. Ardhi sikuiona, mwanangu. Niliikisia. Nilihesabu pumzi, nikavuta kamba, nikasema kama ipo, ipo. Ilikuwepo. Siku ile nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kiti hiki mpaka giza likaingia, na miguu ilikuwa bado inatetemeka. Miaka thelathini sijawahi kuogopa. Sasa naogopa."

Siku ile alipokuwa anapapasa miavuli kwa vidole, mimi nilidhani anatafuta vumbi.

"Basi usiruke," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nani atakulazimisha?"

"Watu wamealikwa. Keki ile pale."

"Keki tutakula sisi."

"Sikiliza. Najua springi hakuna. Tangazo lile la redioni nilijua ni la nani. Nani mwingine angemwambia mtangazaji mwavuli wa akiba? Kijana wa watu amehangaika, amekonda, ananidanganya kwa adabu zote, namwangalia namwonea huruma. Nami kila siku naomba asiipate."

"Unaomba asiipate?"

"Springi ikikosekana, hakuna aliyeogopa. Hakuna aliyezeeka. Watu watasema, masikini, kifaa kilikosekana, kiwanda kimefungwa. Nitakaa hapa na mia tisa tisini na tisa zangu, nitafanyiwa operesheni yangu, nitakuwa na amani."

"Mwambie basi. Mwambie aache kutafuta."

"Mkwe wangu?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Mambo haya unamwambiaje mkwe? Nimwambie nilitua kwa kukisia, mbele ya kila mtu, akiwa amekunja mwavuli wangu kwa mikono yake? Siwezi. Nikimtazama usoni siwezi."

"Na akiipata?"

Mimi nilikuwa nyuma yake, mgongo wa kiti tu kati yetu, nasikia hata anavyomeza mate.

"Akiipata nitaruka," akasema. "Mtu hawezi kuhangaika vile kwa ajili yangu, akaniletea kitu mkononi, halafu nimwambie sitaki. Akija na springi kesho asubuhi, nitavaa mkoba, nitapanda ndege, nitaruka. Mungu atajua ardhi iko wapi."

Mke wangu peke yake chumbani mle alijua nilipo, na alijua nilichoshika.

Springi ile imetengenezwa kwa kazi moja tu, kufyatuka ikiachiwa, na miaka yote ya chini ya kiti haikuwa imeisahaulisha. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kutoka pale nilipokuwa, nikiiachia, ingepita juu ya kichwa cha mama mkwe na kutua mapajani mwake.

Kidole gumba cha kulia kikaanza kuteleza.